Joto la Tanuri: Barua kwa Mwanangu

Muheza

Mwanangu,

Waalaikumu salamu. Huku wazima, ila mama yako goti halijamwacha.

Unaniuliza ukope milioni nne ujenge tanuri la pili la mikate Chumbageni, kwa kuwa la Makorora faida haipandi. Naona usikope kwanza.

Unajua mimi nimekula miaka kumi na tisa kwenye korona, ile mashine ya kutoa nyuzi ya shamba la mkonge, nikiilisha majani. Zinaingia kilo mia, nyuzi unapata kama kilo nne. Zilizobaki zote ni maji ya kijani na makapi, yanawasha mikono na kunuka, tunayamwaga tu. Kamba za nailoni zilipoua bei, tukapunguzwa kazini, na makapi yakiendelea kumwagwa. Miaka mingi baadaye, pale Hale, ukajengwa mtambo wa kuyachachusha makapi yaleyale yatoe gesi, na gesi ikaendesha jenereta ya umeme. Nilipozisikia habari hizo nilicheka peke yangu. Mikono yangu hii imemwaga umeme kiasi gani!

Sasa kwako. Nilipolala hapo siku tatu, boflo, hiyo mikate yako, zilitoka alfajiri. Saa nne asubuhi nikaegemea ukuta wa tanuri, nikaruka, bado unachoma. Kuni umezilipia wewe, halafu joto unaliacha life lenyewe. Mkate wa sinia ungeiva mle. Hata mbata za nazi zingekauka. Samaki usithubutu, utakuja kuuza boflo zenye harufu ya ng'onda.

Na zile boflo zilizolala, unampa bure yule wa kuku. Zikate, zikaushe kwa joto hilohilo, zitwange. Akina mama wa katlesi wanatafuta chenga kila siku ya Mungu.

Lakini kilichoniuma zaidi ni kirikuu, kigari chako cha mizigo. Inakuja Muheza na mikate, inarudi Tanga matenga matupu yanagongana. Muheza hii, mwanangu, msimu wa machungwa! Wakulima wanabembeleza madalali, na wewe gari lako linapita mlangoni kwao likiwa halina kitu. Mafuta ya kurudi umekwisha yalipa. Nunua turubai na matenga mengine, matunda yasiguse matenga ya mikate, upeleke soko la Mgandini.

Usianze yote kwa pamoja, utachanganyikiwa. Anza na gari. Weka daftari lake peke yake, lisichanganywe na la mikate, maana wewe hesabu zako nazijua. Miezi mitatu ikipita uniletee nilisome, ndipo tuzungumze mkopo. Ukijenga tanuri la pili leo, utakuwa na matanuri mawili yanayopoa bure.

Mwambie dereva Jumamosi asigeuzie stendi, apite hapa nyumbani. Nimekwisha ongea na jirani, ana magunia manne ya machungwa. Bei atamtajia yeye mwenyewe. Na mama yako anataka boflo mbili za moto.

Baba yako