Ufuta ni wangu, kwanini nisiuze ninapotaka?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi mkulima wa ufuta huku Kwamtoro, Chemba, mwaka huu nimepata gunia sita. Mtoto kachaguliwa kidato cha tano, anatakiwa aripoti na vifaa vyote. Mnunuzi kaja mpaka nyumbani na mzani wake na hela mkononi, ila tumetangaziwa marufuku kuuza nje ya ghala, ukikamatwa mzigo unachukuliwa. Ukipeleka ghalani unapewa stakabadhi unasubiri mnada, mwaka jana nilisubiri wiki tatu na makato sikuyaelewa mpaka leo. Jirani yangu anasema wewe unayeandika mambo ya uhuru wa mtu unatufundisha ubinafsi. Naomba unijibu, huu ufuta ni wa nani?

JIBU: Ni wako ndugu yangu, hilo naliweka mbele kabla ya yote. Wewe ndio uliinama kupalilia, ukakata, ukasimamisha matita yakauke huku unaomba upepo usije ukamwaga mbegu, ukaja kuyakung'uta juu ya turubai na mama watoto. Katiba yetu ibara ya 24 inasema kila mtu ana haki ya kumiliki mali na mali yake ihifadhiwe, na mtu asinyang'anywe bila sheria inayoweka fidia inayostahili. Sasa mali ambayo huruhusiwi kuamua uiuze lini na kwa nani, hapo umebakiziwa kuilima na kuilinda tu, uamuzi umehamia ofisini.

Hoja ya wanaotetea ghala naijua na siyo ya kupuuza. Wanasema walanguzi wanakuja na mizani iliyochezewa, wanamkuta mkulima ana njaa mwezi wa pili wanamlipa ufuta ungali maua, na mnadani wanunuzi wanashindana kwahiyo bei inapanda. Kweli kabisa, yanatokea, nimeyaona. Lakini mzani ukichezewa mwenye kosa ni mwenye mzani, sheria ya vipimo ipo, ashikwe apelekwe mahakamani, hiyo ndio kazi ya serikali na mimi naitaka iifanye kwa nguvu zote. Kumzuia wewe usiuze kwasababu kuna mtu mwingine ni mwizi, hapo aliyeadhibiwa ni nani? Na mnada kama unalipa vizuri si uachwe uwe wazi, na mnunuzi wa mlangoni naye awepo, watu watapima wenyewe wataenda kwenye faida. Kuna mwenye nafasi ya kusubiri wiki tatu na kuna mwenye mtoto wa kuripoti shule jumatatu, kwa huyo wa pili hela ya leo hata ikiwa pungufu kidogo inamfaa zaidi, na hilo analijua yeye mwenyewe tu, afisa hata awe na nia njema namna gani hajui godoro na madaftari ya mwanao yamefikia wapi.

Hili la ofisi kuona inajua kuliko mwenye shamba sisi watu wa Dodoma tumelipitia mapema kuliko wengi. Operesheni ya kuhamishia watu vijijini ilifika huku kwetu mwaka 1971, kabla haijaenda nchi nzima baada ya Mwalimu kutangaza Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini ni amri. Bibi yangu alikuwa na tembe lake, zizi kwa nyuma, na mashamba matatu ya uwele na mtama yaliyoachana mbali. Kwa mtu wa mipango ule ni utawanyiko tu. Kwa bibi ilikuwa akili, maana mvua ya huku ni kama milimita 570 kwa mwaka na inanyesha vipande vipande, inapiga upande huu wa kilima upande ule vumbi, ukiwa na vishamba vitatu kimoja kitakutoa. Lori lilipokuja akapakia vyungu na jiwe la kusagia, na lile jiwe alilikalia njiani kote akiogopa lisipasuke. Huko walikopelekwa shamba likawa moja, mwendo wa saa nzima, na mvua ikilikosa ndio basi. Alikuwa akifika hapo kwenye hadithi ananyamaza, anashika kazi nyingine. Mimi mambo ya uhuru sikuyaanzia darasani, nimeyatoa kwenye ule ukimya wa bibi.

Kuhusu ubinafsi, mwambie jirani hivi: kusaidiana kwa hiari ndio utu wetu, watu wanaitana kulima, wanachangiana msiba, hakuna mgambo aliyesimama nyuma yao. Vyama vya ushirika vyenyewe vilijengwa na wakulima, na serikali ndio ikavivunja mwaka 1976. Mwalimu mwenyewe mwaka 1984 alikiri kwamba kuvunja ushirika na serikali za mitaa lilikuwa kosa. Ukishamlazimisha mtu kujiunga na kuuza humo, umebakiwa na jina la ushirika.

Ila tafadhali usipitishe mzigo usiku kwa pikipiki, utapoteza gunia zote sita na mtoto atakosa shule. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila miezi mitatu, nenda usimame, dai makato yaandikwe moja moja kwenye karatasi, ushuru ni kiasi gani, chama kiasi gani, ghala kiasi gani, magunia kiasi gani. Wakikupa, nitumie nakala.

SWALI: Kaka, mimi wa Kondoa. Mwaka 1979 serikali iliondoa mifugo yote eneo lililoliwa na makorongo, leo miti imerudi. Ule uhuru wako ungetuachia jangwa, au nakosea?

JIBU: Hukosei kwenye miti, imerudi na mimi nimeiona. Mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973, na yale makorongo yalikuwa yanameza mashamba kweli. Mwanafalsafa John Stuart Mill wa Uingereza aliandika mwaka 1859 kwamba sababu pekee ya kumlazimisha mtu ni kumzuia asidhuru wengine, na ng'ombe wangu wakichunga mlimani mpaka mchanga ushuke ukazika shamba lako bondeni, nimekudhuru, kwahiyo hapo serikali ina la kusema.

Ninachogombana nacho ni namna. Aliondolewa mwenye mia na mwenye wawili, maziwa yakaisha na samadi ikaisha kwa siku moja, na mifugo ilisukumwa sehemu nyingine nayo ikaenda kulemea ardhi ya huko. Halafu mwishoni mwa miaka ya 80 ikaruhusiwa kufuga ndani kwa kukata majani, yaani njia ya katikati ilikuwepo muda wote, ila mfugaji hakuulizwa. Kama hapo Haubi au Kolo yupo mzee aliyeswaga ng'ombe wake mwaka ule, kaa naye umuulize angekubali kuwafungia ndani kama angeambiwa achague, uniandikie alichojibu.