Namba za Kisomeo Zikikataa Kulingana na Kazi

Fundi akipima mashimo aliyotoboa kwenye milingi, mashine ya kukata chuma, na kukuta yamepishana kwa 0.08 mm, lawama ya kwanza huiendea skeli, yaani mstari wa kupimia uliofungwa kwenye meza ya mashine, unaopeleka namba kwenye kisomeo, kile kioo cha tarakimu. Wapo wanaoagiza mpya kabla hata ya kufungua kifuniko cha ile ya zamani. Kwa niliyoyaona karakana, skeli yenyewe huwa na hatia mara chache. Nawasihi vijana ninaofanya nao kazi wasiguse skrubu yoyote kabla ya kuijua tabia ya kosa.

Funga dayali geji, kipimo chenye mshale, kwenye kichwa cha mashine, ncha yake iguse kipande kilichokazwa mezani. Sogeza meza mpaka mshale usome sifuri, na kisomeo nacho ukiweke sifuri. Endelea mbele kidogo, kisha rudi taratibu mpaka mshale ufike sifuri tena. Kisomeo kinasema nini?

Kama hakikurudi sifuri, usiikimbilie nati ya skrubu ya meza. Skeli husoma mwendo wa meza moja kwa moja, kwa hiyo mchezo wa nati, yaani kulegea kwake, hauingii kwenye namba zake; huo ni ugonjwa wa anayefuata alama za gurudumu la mkono, naye dawa yake ni kufikia kila kipimo akitokea upande uleule. Kwenye kisomeo, shuku braketi inayoshika kichwa cha kusomea, kile kinachosoma skeli. Kwenye mashine moja tulifunga loki ya meza, nikabonyeza braketi kwa kidole gumba, na namba zikahama 0.03 mm meza ikiwa imetulia tuli. Ilikuwa bati jembamba la alumini lililofungwa kwa skrubu moja. Tukaweka ya chuma kinene, skrubu mbili, na kosa likaisha siku hiyohiyo.

Kosa linalokua kadiri unavyokwenda mbali ni jingine. Lijaribu kwa geji bloku, vipande vya urefu unaojulikana kwa usahihi, ya 25 mm kisha ya 100. Likikua kwa uwiano, kagua marekebisho yaliyowekwa ndani ya kisomeo. Joto nalo lisisahaulike: chuma cha 300 mm kikiwa na nyuzi 10 zaidi ya mashine huwa kimerefuka kama 0.035 mm, na ukikipima kimepoa utadhani umekosea kukata. Wengi huhangaika na skeli iliyofungwa upande kidogo, ilhali mwinamo wa 1 mm katika 500 mm huleta kosa la 0.001 mm tu. Inyooshe kwa ajili ya usalama wa kichwa cha kusomea, lakini usitegemee kwamba 0.08 yako imetoka hapo.

Namba zikiruka mahali palepale kila mara, skeli ya kioo ina uchafu. Ifute kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Tafadhali usipulize kwa kompresa! Hewa husukuma mafuta na vumbi la chuma ndani zaidi, kupita midomo ya mpira inayoziba skeli. Zikiruka popote, hasa jirani anapowasha mashine ya kuchomelea, angalia waya wa athi, ule unaoshuka ardhini.

Kuna hali inayosumbua kuliko zote: kisomeo na dayali geji vinakubaliana, kazi bado ina kosa. Ernst Abbe wa Ujerumani alilieleza jambo hili mwaka 1890, kwamba kipimo kikae kwenye mstari mmoja na kinachopimwa. Skeli yako ipo chini, pembeni mwa meza, na kazi ipo juu ya jiliwa. Kimo kikipishana kwa 200 mm, na meza ikiinama 0.1 mm kwa kila mita, umeshapoteza 0.02 mm bila kisomeo kujua. Kaza gibu, kile kibati kinachoondoa kulegea kwa meza kwenye njia zake, usiache jiliwa zito kwenye ncha ya meza, na rudia jaribio dayali geji ikiwa kwenye kimo kilekile unachokatia.