Maswali yenu: Vardy, Dunne na rekodi ya kufunga mfululizo

Kijiweni tumegawanyika. Nani anashikilia rekodi ya kufunga mechi nyingi mfululizo England? (Msomaji, Morogoro)

Inategemea unaanza kuhesabu lini. Ukianzia 1992, ilipozaliwa Ligi Kuu, ni Jamie Vardy wa Leicester: mechi 11, mabao 13, kati ya Agosti 29 na Novemba 28, 2015. Ukihesabu ligi ya juu tangu enzi za mababu, ni Jimmy Dunne, Mwairishi wa Sheffield United, aliyefunga mechi 12 mfululizo msimu wa 1931/32. Mimi nipo na Dunne. Watangazaji wanaongea kana kwamba kabla ya 1992 Waingereza walikuwa wanacheza bao.

Ni kweli Vardy alimpita Ruud van Nistelrooy mbele ya Manchester United? (Msomaji, Mombasa)

Kweli tupu. Van Nistelrooy alifunga mechi 10 akiwa na United mwaka 2003: nane za mwisho wa msimu, akaenda likizo, akarudi na mbili nyingine. Vardy akaivunja dhidi ya United hao hao. Dakika ya 24, kona ya United ikaishia mikononi mwa Kasper Schmeichel, naye akaurusha mpira haraka kwa Christian Fuchs. Fuchs akakimbia nao, akapenyeza nyuma ya mabeki, na Vardy akamtungua De Gea kwa shuti la chini lililokwenda nguzo ya mbali. Bao la mbio, la Leicester kabisa. Mechi iliisha 1-1.

Na dunia ni ndogo: mwishoni mwa 2024 Van Nistelrooy aliteuliwa kuinoa Leicester. Mechi yake ya kwanza, dhidi ya West Ham, aliyefungua mabao ni Vardy.

Penalti zinahesabiwa? Rafiki yangu anasema za Vardy zilikuwa za kubebwa. (Msomaji, Kisumu)

Zinahesabiwa. Ila rafiki yako ana hoja kidogo. Vardy alifunga penalti dhidi ya Bournemouth, Norwich na Watford, na katika kila moja ya mechi hizo hakuwa na bao lingine. Ukizifuta, mfululizo wake mrefu zaidi unabaki mechi tatu tu. Lakini penalti nayo lazima mtu aipige iingie, tena akiwa na presha ya rekodi.

Nimesikia kuna aliyefunga mechi 15. Mbona hamumtaji? (Msomaji, Bujumbura)

Ni Stan Mortensen wa Blackpool, 1950/51. Alifunga katika mechi 15 mfululizo *alizocheza*, lakini katikati alikosa baadhi ya mechi za timu yake. Ndiyo maana wengi humweka pembeni.

Kwa sasa nani anaweza kuifikia 11? Haaland? (Msomaji, Dodoma)

Haaland ana rekodi ya mabao 36 kwa msimu, 2022/23, lakini hufunga kwa mafungu: leo matatu, wiki ijayo kimya. Aliyenipa matumaini ni Alexander Isak akiwa Newcastle. Alifika mechi nane, kisha Januari 2025 Bournemouth wakaja wakashinda 4-1, naye akatoka bila bao.

Na Samatta wetu? (Msomaji, Tabora)

Bao moja la ligi akiwa Aston Villa, dhidi ya Bournemouth, Februari 2020. Lingine alilifunga kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, lakini mabao ya kombe hayaingii kwenye hesabu hii.