Kwenye usaili nijisifu hadi wapi?

SWALI: Mimi ni afisa ugavi, nimeitwa kwenye usaili wa cheo cha juu. Ofisini nikieleza nilichofanya naambiwa najimwambafai, na nyumbani nimelelewa na "chema chajiuza, kibaya chajitembeza". Nikinyamaza si nitapitwa?

JIBU: Utapitwa. Methali hiyo inafaa mtaani, ambako watu wanakujua miaka yote. Jopo linakuona kwa dakika chache tu, tena wao ndio waliouliza. Kujibu ulichoulizwa hakuna anayekuita kujisifu. Ofisini ndiko unakosema bila kuulizwa.

Kinachochoma zaidi ni kujilinganisha. Mwaka 2012, Vera Hoorens wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, na wenzake walionyesha kwamba anayesema "mimi ni rafiki mzuri" anavumilika, ila akisema "mimi ni rafiki mzuri kuliko wengine" anachukiza. Msikilizaji anajiuliza papo hapo: kumbe na mimi ananiona duni? Kwa hiyo achana na "pale ofisini mimi ndiye pekee ninayejua zabuni". Sema, kwa mfano: "Niliandaa zabuni ya vipuri, bei ikashuka kwa asilimia 12, na wakaguzi hawakutoa hoja." Hapo hujamgusa mtu, na jopo limepata kitu cha kuandika.

Usijipime kwa raha unayoisikia ukisimulia. Utafiti wa Irene Scopelliti na wenzake (2015) ulikuta kwamba anayejisifu hudhani wasikilizaji wanafurahi naye kuliko wanavyofurahi kweli, na kero yao haioni.

Kuna na ile ya "udhaifu wangu ni kufanya kazi kupita kiasi". Iache kabisa. Majivuno yaliyovikwa malalamiko huonekana ya uongo, na tafiti zinaonyesha hukera kuliko kujisifu waziwazi. Mimi mwenyewe nikiisikia kalamu inalala.

Kwa ofisini, mwandikie mkuu wako taarifa fupi, aiseme yeye kikaoni. Sifa ikitoka kinywani mwa mwingine hupokelewa vizuri zaidi, hata wasikilizaji wakijua msemaji ana maslahi na wewe.

Na kwenye usaili usikimbilie "tulifanya, tulifanikisha" ukidhani ndio unyenyekevu. Mwanajopo atakukatiza: "Wewe binafsi ulifanya nini?" Uwe na jibu.