Chujio lisikauke

Wadogo zangu mnaoingia maabara hapa Tanga, mtaanza na mafuta ya karafuu kama nilivyoanza mimi. Yamejaa yujenoli, na yujenoli ina kifungo maradufu mkiani kinachopokea haidrojeni. Lakini viache hivyo viwili kwenye chupa moja, vitakaa mwaka mzima bila kujuana. Mshenga ni metali iitwayo paladiamu. Molekuli ya haidrojeni ikitua juu yake inapasuka vipande viwili, ndipo inapokubali kuingia kwenye yujenoli.

Pimeni gramu 1.64 za yujenoli, kisha miligramu 106 za paladiamu ya 10% iliyopakwa kwenye mkaa. Hapo kila atomu ya paladiamu inahudumia molekuli 100 za yujenoli, maana ikimaliza moja inarudi kwa nyingine. Haidrojeni itakayotumika ni kama mililita 245, puto moja linatosha. Puto likisinyaa msishangilie kwamba mmenyuko umekwisha, maputo huvuja.

Sasa kuchuja, na hapa nawaomba msiharakishe. Mwaka wangu wa kwanza niliacha pampu ivute mpaka ile poda nyeusi ya paladiamu na mkaa ikakauka kabisa, nikajipongeza kwa usafi. Nilipogeuka kuchukua ethanoli ya kusuuzia, karatasi ilikuwa inawaka. Moto wa ethanoli haujitangazi. Nilichoona kwanza ni ukingo wa karatasi ukijikunja na kuwa mweusi. Niliufunika kwa sahani ya kioo, ukazimika, mikono ikabaki inatetemeka mpaka saa ya chai.

Paladiamu hunywa haidrojeni hadi mara 900 ya ujazo wake. Ikikauka hewani na mvuke wa ethanoli upo karibu, haihitaji kiberiti. Kwa hiyo toeni haidrojeni yote kwa naitrojeni kabla ya kufungua chupa. Mnapochuja, mmiminie ethanoli tena kabla tabaka la juu la poda halijapasuka nyufa, kisha poda ikiwa bado imelowa iingie kwenye kopo la maji. Msiitupe, hiyo ni pesa. Na mwanzoni, poda kavu isimwagwe juu ya ethanoli: tangulizeni naitrojeni, poda, matone ya maji, ndipo ethanoli.

Mkiona mmenyuko umegoma ghafla, ulizeni vyombo vilitumika kwa nini jana. Salfa kidogo tu huziba uso wa paladiamu, na hapo kuongeza haidrojeni ni kupoteza puto. Mimi vyombo vya salfa nimevifunga utepe mwekundu, viko rafu ya chini, na mtu akivichanganya tunagombana.