Protini "inafunga" kalsiamu au "inaishika"?

Swali: Natafsiri mwongozo wa maabara wa kutoa protini iitwayo kalmodulini kwenye ubongo wa ng'ombe. Nimeandika "protini inayofunga kalsiamu iliyosafishwa". Mwenzangu anasema haieleweki. Tatizo liko wapi?

Jibu: Yako mawili. "Protini" na "kalsiamu" zote ni za ngeli ya I-ZI, kwa hiyo "iliyosafishwa" inaangukia nomino iliyo karibu nayo. Msomaji ataelewa kwamba kilichosafishwa ni kalsiamu. Tanguliza sifa ya protini: "protini iliyosafishwa inayoshika kalsiamu".

La pili ni kitenzi. Tunafunga mlango, tunafunga barabara. "Inayofunga kalsiamu" yaweza kusomeka kama inayoizuia isipite, na zipo dawa za shinikizo la damu zinazofanya hivyo hasa. "Kunasa" ni kwa mtego. Kalmodulini hushika ayoni nne za kalsiamu, kisha huziachia, na njia nzima ya kuisafisha inategemea kuachia huko.

Tazama hatua zenyewe. Kimiminika cha ubongo uliosagwa kikitiwa kloridi ya kalsiamu, protini huishika kalsiamu, umbo lake hubadilika, na sehemu zake zinazokimbia maji hujitokeza. Ndipo inaponata kwenye chembe za fenili, ambazo nazo hukimbia maji, ndani ya kolamu (mrija uliojazwa chembe hizo). Bufa ya kuoshea (kimiminika kinachotunza kiwango cha asidi) nayo iwe na kalsiamu kidogo, kama milimola 0.1 kwa lita. Ikikosa, protini itaondoka pamoja na uchafu. Mwishoni hupitishwa bufa yenye EGTA (kemikali inayoshika kalsiamu kwa nguvu), milimola 1 kwa lita, ambayo huipokonya protini kalsiamu yake, nayo ikabanduka.

Hushika, hunata, hupokonya, hubanduka: kila tendo na kitenzi chake. Ukiandika "hufunga" kwa protini na kalsiamu, kisha "hufunga" tena kwa protini na chembe, fundi wa maabara hatajua EGTA inavunja kifungo kipi.

"Kusafisha" umepatia. "Kutakasa" kuna harufu ya ibada, na "kuchuja" kunahitaji chujio, ilhali kolamu hii hainasi kwa ukubwa wa matundu. Lakini usifupishe ukaandika "protini safi". Ubongo una protini nyingine zinazoshika kalsiamu, zile za kundi la S100, nazo hunata kwenye chembe hizohizo na kubanduliwa na EGTA ileile. Protini iliyopita kwenye kolamu imesafishwa. "Safi" ni neno la kuandika baada ya kuipitisha kwa umeme kwenye jeli, ambayo hutenganisha protini kwa ukubwa, na kuona mstari mmoja tu.