Bwawa la samaki uani: anza na pale maji yatakapotokea

Bwawa langu la kwanza lilipasuka kona usiku wa nne baada ya kulijaza. Asubuhi nilikuta ua mzima umelowa, vifaranga wa perege wamelala kwenye matope chini ya mwembe, na ufa unaoingia kidole kutoka juu mpaka chini. Fundi alikuwa amejenga vizuri tu, ila alijenga kama anavyojenga uzio, kwa sababu mimi nilimwambia nataka anijengee karo kubwa la maji, nikaenda zangu kazini.

Kuchimba kwetu haiwezekani. Tunakaa bondeni, Dar es Salaam, na masika ikikolea ukichimba nusu mita tu unakutana na maji. Bwawa la kuchimba lingejaa maji ya barabarani na takataka zake. Kwa hiyo niliamua kujenga tena juu ya ardhi, safari hii nikikaa na fundi tangu msingi.

Hili jipya lina urefu wa mita 3, upana mita 2, na maji ya kina cha sentimita 70. Hayo ni lita 4,200, yaani tani 4 na ushei zimekaa uani. Ukipiga hesabu, ukuta mmoja wa mita 3 unasukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 735, usiku na mchana. Ukiongeza kina mara mbili, msukumo unakuwa mara nne, ndiyo maana nakusihi usitamani kina kirefu. Sentimita 70 zinawatosha perege. Tulitumia tofali za inchi 6 zenye matundu, nondo za milimita 10 zikasimama kutoka kwenye jamvi, yaani sakafu ya zege, matundu yakajazwa zege, na juu tukafunga mkanda wa zege wenye nondo kuzunguka pande zote nne. Kona ndizo zilizonitesa mara ya kwanza, kwa hiyo nondo za mkanda tulizikunja zikapita kona, hazikuishia pale.

Lakini jambo ninalotaka ulishike kuliko yote ni bomba la kutolea maji. Lilazwe kabla jamvi halijamwagwa, inchi 2, na sakafu iteremke kuelekea hapo. Bwawa la kwanza halikuwa nalo. Nilikuwa nachota tope kwa ndoo huku samaki wanahangaika. Sasa, kwa kuwa bwawa limeinuka, nafungua koki ya nje na maji machafu yanatiririka yenyewe hadi kwenye matuta ya mchicha na matembele, bila pampu wala umeme. Maji yale yana mbolea ya samaki, na mboga zinaonyesha. Toboa pia tundu la kupunguzia maji sentimita 10 chini ya ukingo, uliwekee wavu, la sivyo mvua kubwa moja itakumwagia samaki nje.

Plasta ikikauka usifurahi bado. Saruji mpya hutoa chokaa kwenye maji, na chokaa hiyo inaua samaki. Jaza, acha wiki moja, mwaga; mimi nilirudia mara 3. Maji ya bomba nayo yana klorini, yaache wazi siku mbili kabla ya kuweka samaki. Halafu anza na samaki wachache. Bakteria wanaogeuza uchafu wa samaki usiwe sumu huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga, na hawanunuliwi kwa haraka. Mimi ninao perege 25, na siongezi. Nawalisha kile wanachomaliza ndani ya dakika 5.

Kitu kimoja hakuna aliyeniambia: kuta zilizo wazi hupigwa jua, na maji ya moto hushika hewa kidogo. Hatari inakuja alfajiri, maana usiku mimea nayo inavuta hewa ile ile. Ukiwakuta samaki wako juu wanapumua kwa midomo saa 11 alfajiri, ongeza maji mapya yaliyolazwa na punguza chakula siku hiyo. Nimeweka bwawa upande wa mashariki wa nyumba, lipate jua la asubuhi na kivuli cha nyumba alasiri.

Kwenye mimea, yungiyungi ndiyo niipendayo. Ipande kwenye beseni lenye udongo mzito, juu funika kwa mawe, kwani perege watafukua mizizi na kutafuna majani machanga. Magugu maji usiyalete hata kama jirani anakupa bure. Yanazaana kupita kiasi, na wavuvi wa Ziwa Victoria wanajua yalichowafanyia. Mbu wasikutie hofu, viluwiluwi wao huliwa na samaki wadogo.

Ukuta ulioinuka unawafariji wazazi, lakini mtoto wa miaka mitatu akipata ndoo ya kupandia anafika ukingoni. Kwetu ndoo zote zinalala stoo, na juu ya bwawa nimefunga fremu ya nondo yenye wavu wa chuma, ambayo inafungwa kwa kufuli. Wavu huo huo umewazuia kulasitara waliokuwa wanatua kila asubuhi.